"Nyuki wapole wa mlimani": tathmini ya mnunuzi baada ya miezi kumi

Mwishoni mwa Juni 2024 nilinunua makundi matatu ya nyuki kutoka kwa muuzaji wa mikoa ya kaskazini ambaye tangazo lake liliahidi "nyuki wapole wa mlimani, wa damu moja, wasiochanganyika". Kila kundi pamoja na mzinga wake nililipia shilingi 260,000, na usafiri wa mizinga yote mitatu ukanigharimu shilingi 150,000 nyingine, nikaiweka katika manzuki yangu, yaani sehemu yangu ndogo ya kufugia nyuki, iliyo kati ya michungwa na minazi wilayani Muheza, mkoani Tanga. Jina la muuzaji silitaji, kwa kuwa nitakayoyasema hayamhusu yeye peke yake. Matangazo ya namna hii yamekuwa mengi, na anayesoma hapa huenda yuko katika mazungumzo ya bei na mtu mwingine kabisa. Ninachotathmini ni bidhaa yenyewe, yaani kundi la nyuki linalouzwa kwa jina la asili yake, kama mahindi yanavyouzwa kwa jina la mbegu.

Yaliyo mazuri ni mengi kuliko nilivyotarajia. Gari lilifika saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma, kwa sababu dereva alisafiri usiku kucha kama anavyotakiwa mtu anayebeba nyuki. Milango ya mizinga ilikuwa imezibwa kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa, mifuniko ilikuwa imekazwa kwa kamba za mpira, na njiani walisimama mara mbili kunyunyiza maji. Masega mawili katika mzinga wa pili yalikuwa yamekatika na kuua majana (watoto wa nyuki) kadhaa, lakini yeyote aliyewahi kupitisha masega mapya katika barabara ya vumbi anajua kuwa hiyo ni hasara ndogo. Mizinga yenyewe, ya sanduku lenye viunzi vya juu, imetengenezwa na fundi anayeijua kazi: nilipima upana wa viunzi kwa rula nikakuta milimita 32 kila kimoja, kipimo kinachowafaa nyuki wa Afrika, na si zile milimita 35 ambazo mafundi wengine huzinakili kutoka vipimo vya nyuki wa Ulaya na kuwafanya nyuki wetu wajenge masega kimshazari. Kwa upande wa mbao na ufundi, sina lawama.

Jambo lingine lililonifurahisha mwanzoni ni kwamba kila malkia alikuwa na nukta ya rangi mgongoni. Muuzaji anayeweka alama hiyo anampa mnunuzi njia ya kujua, miezi baadaye, kama malkia aliyemo mzingani bado ni yule aliyemlipia au ni mwingine aliyezaliwa humohumo. Nukta zilikuwa nyeupe. Kwa utaratibu unaofuatwa na wafugaji duniani, nyeupe ni ya malkia waliozaliwa katika miaka inayoishia na 1 au 6, na malkia wa mwaka 2024 angepaswa kuwa na nukta ya kijani. Maana yake ni kwamba ama niliuziwa malkia wa mwaka 2021, ambao ni wazee mno kwa biashara, ama muuzaji haujui utaratibu wenyewe. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kwamba, "Mzee wangu, hiyo nyeupe ndiyo inayoonekana vizuri kwa nyuki mweusi." Ninaamini alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana nikaanza kujiuliza ni mambo mengine mangapi katika tangazo lake yaliwekwa kwa sababu yanaonekana vizuri.

Nyuki walikuwa weusi kweli, na wakubwa kidogo kuliko wa kwetu. Kwa asiyefahamu, nyuki wa asali wa Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati wote ni spishi moja, lakini spishi hiyo imegawanyika katika nususpishi nyingi, yaani jamii ndogo za spishi hiyo. Friedrich Ruttner, aliyepima mbawa, miguu, ndimi na manyoya ya nyuki kutoka sehemu nyingi za dunia, alizihesabu 24 mwaka 1988, na nyingine zimeongezwa tangu hapo. Mbili kati ya hizo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 na F. G. Smith, mtaalamu wa ufugaji nyuki aliyefanya kazi Tanganyika: nyuki wa milimani, mweusi na mkubwa, anayepatikana katika misitu ya juu ya milima kama Kilimanjaro, Meru, Kenya na Elgon, na nyuki wa pwani, mdogo na wa manjano. Kati ya hao wawili wameenea nyuki wa savana, ambao ndio wengi na ndio walioipatia Afrika Mashariki sifa ya ukali. Muheza iko mahali pa kuvutia kwa hesabu hii, kwa maana bahari haiko mbali upande wa mashariki na milima ya Usambara inaonekana upande wa magharibi, lakini nyuki wanaoingia katika mizinga yangu mitupu wana sura na tabia ya pwani bila shaka yoyote.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa mteja mwenye furaha. Nilifungua mzinga wa tatu saa nne asubuhi, nikiwa na kofia ya wavu lakini bila glavu, na nikatumia moshi kidogo sana. Nyuki walitulia juu ya masega, hawakutiririka kuelekea ukingoni kama wafanyavyo wa kwetu, na nilipoondoka walinifuata mita chache tu kisha wakarudi. Mzee jirani yangu, anayefuga kwa mizinga ya magogo iliyotundikwa katika miembe tangu nikiwa shule ya msingi, alikuja kutazama, akasimama karibu kuliko kawaida yake, akauliza: "Mwanangu, hawa weusi umewatoa wapi, na watakula nini huku?" Sehemu ya pili ya swali hilo nilipaswa kuizingatia zaidi.

Kundi la kwanza lilihama siku ya 19. Nilifika asubuhi nikakuta masega matupu, majana machache yaliyoachwa, na hakuna asali hata tone. Simlaumu muuzaji kwa jambo hili peke yake, kwa sababu kuhama ni tabia ya nyuki wa Afrika wanapokosa chakula, wanaposumbuliwa au wanapopata joto kali, na kundi lililotolewa katika ubaridi wa mlimani likawekwa katika sehemu yenye hewa nzito ya pwani lina sababu zote tatu kwa pamoja. Ninamlaumu kwa dhamana ya siku 14. Mtu anayeuza nyuki anajua kwamba majana yaliyokuwa mzingani siku ya safari hulifunga kundi lisiondoke mpaka yaanguliwe, na yai la kibarua (nyuki jike mfanyakazi) huchukua takriban siku 19 hadi 21 kuwa nyuki kamili. Dhamana ya siku 14 inakwisha wakati nyuki bado wanasubiri watoto wao.

Hata hivyo, kabla ya kundi hilo kuhama nilikuwa nimeliona tatizo ambalo lilinifanya nilitilie shaka neno "damu moja" lililoandikwa kwa herufi kubwa katika kipeperushi. Nilichukua sega la majana yaliyofunikwa, nikahesabu vijumba 100 vinavyopakana katika kila mzinga. Katika mzinga wa pili vilikuwa vitupu 12, katika wa tatu 9, na katika wa kwanza 34. Sega lenye mapengo kiasi hicho linaweza kuwa na sababu kadhaa, ikiwemo ugonjwa, njaa au malkia mzee, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mayai yalikuwa yametagwa kwa mpangilio mzuri katika sega la jirani, lava (funza wa nyuki) wenye siku chache ndio waliokuwa wakikosekana hapa na pale, na kwa mfugaji picha hiyo hutaja jambo moja kabla ya mengine, nalo ni malkia aliyepandwa na madume wa ukoo wake mwenyewe.

Hapa inanibidi nieleze, kwa kuwa kosa la tangazo lote liko hapa. Kwa ng'ombe au kuku mnunuzi amezoea kusikia kwamba usafi wa ukoo ni sifa. Kwa nyuki, ukoo uliofungwa ni maradhi, na sababu yake inajulikana. Jinsia ya nyuki huamuliwa na jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 2003, ambayo ina matoleo mengi tofauti. Yai lisilorutubishwa lina nakala moja tu ya jeni hiyo, na hutoa dume. Yai lililorutubishwa lina nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala hizo zikitofautiana anatoka jike, ambaye atakuwa kibarua au malkia, lakini zikifanana anatoka dume asiye na faida yoyote kwa kundi, na vibarua humtambua angali lava mchanga, wakamla. Malkia akipandwa na dume mwenye toleo linalofanana na mojawapo ya yale mawili aliyonayo yeye, nusu ya mayai yote yaliyorutubishwa kwa mbegu ya dume huyo hupotea. Muuzaji anayezalisha malkia wake wote kutoka kwa mama wawili au watatu, mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, bila kuingiza makundi mapya, ataanza kuuza masega yenye mapengo bila kujua, na atayasifia kwa kipeperushi.

Maumbile yenyewe yamejenga kinga dhidi ya hali hiyo, nayo ni kinga ya ajabu. Malkia kijana huruka nje ya mzinga katika siku zake za mwanzo, akaenda mahali angani ambapo madume wa makundi mengi hukusanyika, akapandwa na madume kati ya 10 na 20 hivi, kisha akazihifadhi mbegu zao mwilini kwa maisha yake yote. Kwa hiyo mzinga mmoja una mama mmoja na baba wengi, na vibarua wake ni koo ndogo nyingi zinazoishi chini ya paa moja. Manufaa yake yamepimwa. Mwaka 2007 Heather Mattila na Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilinganisha makundi ambayo malkia wake walipewa mbegu za madume 15 na mengine ambayo malkia wake walipewa mbegu za dume mmoja. Yale yenye baba wengi yalijenga masega haraka zaidi na kuweka akiba kubwa zaidi ya chakula. Utafiti mwingine, uliofanyika Australia, ulionyesha kwamba vibarua wa baba tofauti huanza kupepea mbawa katika viwango tofauti vya joto, hivyo mzinga wenye mchanganyiko hupoozwa taratibu na kwa kadiri, wakati mzinga wa baba mmoja hungoja, kisha wote wakapepea kwa pamoja, kisha wote wakaacha kwa pamoja. Mtu anayefuga Muheza mwezi Februari, huku majana yakihitaji kukaa katika joto la nyuzi 34 au 35 bila kuzidi, hahitaji kushawishiwa sana juu ya thamani ya jambo hilo.

Kundi la pili ndilo lililonifundisha zaidi, na ninakiri kwamba kama nisingekuwa na zile nukta nyeupe nisingeelewa kilichotokea. Mwezi Septemba nilikuta malkia mpya asiye na alama. Sijui kama yule wa zamani aliondoka na kundi au vibarua walimbadilisha, lakini binti yake alikuwa ameshatoka nje, akapandwa na madume wa Muheza, na alikuwa akitaga vizuri mno, kwa sega lililojaa kuliko la mama yake. Kufikia Desemba vibarua wa mama walikuwa wamekwisha kufa, kwa kuwa kibarua haishi zaidi ya wiki chache katika msimu wa kazi, na mzingani walikuwamo nyuki wa rangi mbalimbali, wengine weusi, wengine wenye mikanda ya manjano tumboni. Upole ulikuwa umekwenda. Walinifuata mpaka barazani, hatua zisizopungua mia, na mbuzi aliyekuwa amefungwa karibu alilazimika kuhamishwa usiku.

Hakuna aliyenidanganya kuhusu malkia niliyemnunua. Nilichouziwa bila kuambiwa ni kwamba upole huo ulikuwa wa kizazi kimoja, na kwamba muda wake ungeamuliwa na vibarua siku watakayoamua kumbadilisha malkia wao. Kipeperushi kiliandika kwamba "mbegu hii ukiinunua mara moja ni yako daima". Sentensi hiyo si kweli kwa mfugaji yeyote ambaye malkia wake wanaruka wapendavyo, na hapa kwetu ni sisi sote.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalifikirii, na wanunuzi tunalifikiria kidogo zaidi yao. Kwa kuwa dume hutoka katika yai lisilorutubishwa, hana baba. Vinasaba vyake vyote ni vya mama yake. Yule binti aliyepandwa na madume wa Muheza anazaa vibarua waliochanganyika, lakini madume wake ni wa mlimani watupu, na madume hao huenda angani kukutana na malkia wa magogo ya mzee jirani yangu, aliyeuliza nyuki hawa watakula nini. Sikumwomba ruhusa. Makundi mawili hayatabadilisha nyuki wa wilaya nzima, na maumbile yataondoa yasiyofaa pwani, lakini ni adabu kukumbuka kwamba anayeleta nyuki wa mbali hafugi peke yake.

Je, hao "nyuki wa mlimani" ni watu wa kabila lingine kweli? Mwaka 2017 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, walichapisha uchambuzi wa vinasaba kamili vya nyuki wa nyanda za juu na wa savana kutoka maeneo ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Matokeo yake yangepaswa kubandikwa katika kila duka la nyuki. Karibu katika jenomu yote, yaani jumla ya vinasaba, nyuki wa juu na wa chini hawakuweza kutofautishwa, jambo linaloonyesha kwamba wamekuwa wakipandana kwa muda mrefu. Tofauti kubwa ilikuwa katika vipande viwili tu, kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika kromosomu ya 9, vinavyorithiwa kila kimoja kwa mkupuo mmoja bila kukatwakatwa. Ndani ya kipande cha kromosomu ya 7 zimo jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na kujifunza, kutafuta chakula na namna nyuki anavyotumia nguvu zake, mambo ambayo baridi ya mlimani inaweza kuwa imeyachuja kwa karne nyingi. Kwa hiyo nyuki wa mlimani yupo, na Smith hakukosea alipomwona ni tofauti, lakini hakuwahi kuwa "wa damu moja, asiyechanganyika". Amechanganyika siku zote, huku mlima ukiendelea kumchagua. Ukimtoa mlimani unamtoa pia katika kile kinachomfanya abaki alivyo.

Wanaotaka kweli kulinda ukoo fulani wa nyuki wanajua gharama yake. Katika kisiwa cha Colonsay, Scotland, ilibidi iwepo amri ya serikali, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayokataza kuingiza nyuki wa aina nyingine ili kumhifadhi nyuki mweusi wa asili. Wengine hupeleka malkia katika mabonde yaliyotengwa au huwapandikiza mbegu kwa chombo chini ya darubini. Muuzaji wangu nilimtembelea mwezi Oktoba nilipopita huko kwa shughuli nyingine, akanipokea vizuri, akanipa chai na asali nyeusi yenye harufu ya msitu ambayo peke yake ningeipa nyota tano. Lakini manzuki yake iko kando ya mashamba ya kahawa, chini kabisa ya msitu, mahali ambapo nyuki wa savana wanapanda na wa mlimani wanashuka. Hapo ni njia panda, na aliposema kuwa nyuki wake hawachanganyiki, nilitazama mlangoni mwa mzinga uliokuwa karibu na kiti changu nikahesabu vibarua wa rangi tatu. Ninachekesha kidogo, maana rangi peke yake haithibitishi ukoo, lakini hata yeye alicheka.

Nililikataa kwa uzito zaidi pendekezo lake jingine, kwamba nikihitaji upole wa kudumu anaweza kuniagizia malkia wa Kiitaliano. Hilo ningependa kila mnunuzi alikatae. Historia ya kuhamisha nyuki inajulikana vya kutosha. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mtaalamu wa vinasaba wa Brazil, alipeleka kwao malkia kutoka kusini mwa Afrika, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro, na uzao wao mkali ulienea mpaka Marekani. Ndani ya Afrika Kusini, bila kuvuka mpaka wowote, wafugaji walihamisha nyuki wa Rasi, yaani wa kusini kabisa mwa nchi hiyo, kuelekea kaskazini mwaka 1990, na kwa kuwa vibarua wa nyuki hao wanaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila dume, waliingia katika mizinga ya nyuki wa savana kama wapangaji wasiofanya kazi, wakaua makundi kwa maelfu. Na sisi tuna cha kupoteza. Utitiri wa varoa, vidudu vinavyowanyonya nyuki na majana yao, ulipogunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, wengi walitazamia maafa kama yaliyoikumba Ulaya na Marekani Kaskazini. Nyuki wetu waliendelea kuishi nao bila dawa. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliolinganisha vinasaba vya nyuki 140 kutoka sehemu mbalimbali za dunia uliwaonyesha nyuki wa Afrika kuwa na uanuwai mkubwa kuliko wa Ulaya, na mimi sioni mantiki ya kuagiza kwa fedha za kigeni kundi lenye utajiri mdogo ili lichanganyike na lenye utajiri mkubwa. Wafugaji wa Sweden walikuja kuchukua nyuki wa Mlima Elgon, wakawachanganya na wa kwao kwa makusudi, na mbegu waliyoipata wakaiita Elgon. Waliothamini nyuki hawa kutoka mbali walithamini mchanganyiko wao.

Kuhusu asali, ambayo ndiyo watu watauliza kwanza, mavuno yangu ya kwanza yalikuwa hivi: mzinga wa tatu, ambao bado una malkia mwenye nukta nyeupe, ulinipa kilo 9, wa pili, wenye malkia wa mchanganyiko, ulinipa kilo 13, na mizinga yangu miwili ya nyuki wa hapahapa ilinipa kilo 11 na 14. Mizinga minne si ushahidi wa kisayansi, na ile iliyosafiri ilipoteza muda wa kujenga upya, kwa hiyo sisemi kwamba nyuki wa mlimani hawazalishi. Ninasema kwamba kwa bei ya kundi moja niliweza kutengenezewa mizinga mitatu mitupu, nikapaka nta ya zamani na majani ya mchaichai yaliyopondwa, nikaitundika kabla ya msimu wa makundi kuhama, na nikasubiri bila kumlipa mtu. Nyuki wa namna hiyo huingia bure, wakiwa na malkia aliyepandwa na madume wa eneo lilelile watakamoishi, na kama hawaridhiki na mzinga wako wanakataa mapema bila kukutia hasara.

Nani basi anunue? Mtu anayefuga juu, karibu na msitu wa mlima, na anayeishi jirani na muuzaji, hana sababu ya kuogopa. Kwake nyuki hawa ni wa nyumbani na pengine atawapata bei nafuu zaidi. Chuo au kikundi kinachotaka kuwafundisha wanaoanza kwa msimu mmoja kinaweza kufaidika na upole wa malkia wa mwanzo, mradi kijue ni wa muda. Aliye bondeni, savana au pwani asinunue, na akinunua adai mambo matatu kwa maandishi: malkia ametoka kwa mama wangapi, mahali alipopandwa ni wapi, na dhamana isiyopungua siku 30. Aombe pia mzinga ukaguliwe na afisa nyuki wa wilaya unakotoka. Mimi sikupewa karatasi yoyote. Kwa ufundi wa mizinga na usafirishaji ninatoa nyota nne kati ya tano. Kwa nyuki wenyewe, kama walivyotangazwa, ninatoa mbili.

Mwezi Machi muuzaji alinipigia simu, bila mimi kumdai, akaniambia amefikiria juu ya lile kundi lililohama na yuko tayari kunitumia malkia mwingine wa mlimani ingawa dhamana imekwisha. Nilimshukuru, kwa sababu si wengi wanaofanya hivyo, nikamwomba badala yake anitumie mzinga mtupu wa fundi wake. Alituma miwili, akilipia nauli mwenyewe. Mmoja nimeutundika katika mwembe ulio karibu na kisima, na juma lililopita uliingiwa: ni nyuki wadogo, wa manjano, na tayari wamenichoma mara nne.